Toba Inayotaja Tendo
Hotuba iliyotolewa kwa wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na waamini wa mkoani Kagera wakati wa mafungo ya Kwaresima

Wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, vijana wetu, pamoja na wageni wetu kutoka parokia jirani, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya toba, nami naanza na maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia misibani, kwenye ibada za shukrani, katika hafla za kuagana na hata mimbarini: "Kama kuna mtu yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutokujua, naomba anisamehe, na mimi nimewasamehe wote." Ni maneno ya heshima, na wako wanaoyasema kwa moyo mweupe kwa sababu kweli hawakumbuki kosa lolote. Lakini yakisemwa na mtu anayejua alichofanya, anayejua alimfanyia nani, na ambaye pengine alichokichukua bado kimo mikononi mwake, maneno hayo si toba. Msemaji hakutaja tendo. Hakumtaja aliyeumia. Hakusema atarudisha nini. Kwa kusema "kama" ameweka shaka mahali ambapo yeye mwenyewe hana shaka hata kidogo. Na aliyekosewa, ambaye huenda ameketi palepale kwenye mkeka, anafungwa mdomo, maana akisimama kusema "ni mimi uliyenikosea" ataonekana mtu wa visasi aliyekuja kuharibu shughuli ya watu.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: toba ya Kikristo hutaja tendo, humwendea aliyetendewa, na hukubali kubeba gharama. Tumekuwa tukiikimbia sehemu hiyo ya toba kwa kujificha nyuma ya ibada, tukimwambia Mungu yale ambayo tulipaswa kumwambia pia jirani, na kuondoka kanisani tukiwa tumesamehewa, kama tunavyodhani, huku jirani akibaki na jeraha lake na hasara yake.

Biblia inatuwekea wafalme wawili waliokiri dhambi mbele ya manabii. Sauli, alipobanwa na Samweli kwa sababu ya kondoo na ng'ombe wa Waamaleki aliowabakiza ingawa aliagizwa kuwaangamiza, kwanza alisema ametimiza agizo la Bwana, kisha akawasingizia watu, kisha akadai kwamba wanyama hao walikuwa wa kutolea dhabihu, na mwishoni kabisa, alipoona hana pa kutokea, akakiri kwamba ametenda dhambi. Lakini hapo hapo akamsihi nabii amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Alichokihofia Sauli kilikuwa aibu. Angeweza kuishi na dhambi yake vizuri tu, mradi wazee wasiione.

Daudi naye alificha, na alificha kwa ukatili kuliko Sauli: alimchukua Bathsheba, alimlevya mumewe ili aende nyumbani na mimba ipate mwenyewe, na hilo liliposhindikana akamtuma Uria vitani akiwa amebeba kwa mkono wake mwenyewe barua ya kifo chake. Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, Daudi aliwaka hasira, akatoa hukumu kwamba mtu huyo atalipa mwana-kondoo mara nne, na ndipo nabii akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Jibu la mfalme ni fupi mno: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakutoa maelezo wala kumlaumu mwanamke. Hakuomba kulindiwa heshima. Na zaburi ya 51, ambayo tumeirithi kuwa sala ya toba ya Kanisa zima, ina utangulizi unaotaja jina la Nathani na jina la Bathsheba, ili kila kizazi kitakachoiimba kijue iliimbwa kwa sababu gani.

Najua kuna mstari katika zaburi hiyo ambao wengi huutumia kama ngao: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Nimewahi kuusikia ukinukuliwa na mtu aliyeambiwa aende akamwombe radhi ndugu yake, akajibu kwamba mambo yake na Mungu yameisha. Ndugu zangu, Uria alikuwa kaburini. Daudi hakuwa na mlango wa Uria wa kuubisha. Anapomwambia Mungu "Wewe peke yako" anakubali kwamba kila damu inayomwagwa duniani humgusa Mungu aliyeiumba, na kwamba mfalme asiye na hakimu juu yake bado anaye Hakimu. Hafuti deni lake kwa watu. Tena Maandiko yenyewe hayakumruhusu kulifuta, kwani Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Bwana wetu anaandika kwamba Daudi alimzaa Sulemani "kwa yule mke wa Uria." Karne nyingi zimepita, Sulemani amejenga hekalu, ufalme umeanguka, watu wamepelekwa Babeli na kurudi, na bado jina la mtu aliyeuawa limo ndani ya ukoo wa Mwokozi. Mungu alimsamehe Daudi siku ileile, lakini Uria hakusahauliwa.

Torati ilikuwa wazi kuhusu jambo hili kuliko sisi tulivyo. Katika Hesabu sura ya 5, mtu aliyemkosea mwenzake aliagizwa aungame dhambi aliyoitenda, arudishe kitu kizima, na aongeze juu yake sehemu ya tano ampe yule aliyemkosea. Na kama aliyekosewa hana tena jamaa wa kupokea, malipo hayo yalikwenda kwa Bwana kupitia kwa kuhani, yaani hata kifo hakikumpa mkosaji ruhusa ya kubaki na mali ya watu. Bwana Yesu hakulegeza agizo hilo. Katika Hotuba ya Mlimani anamkuta mtu amefika madhabahuni, sadaka iko mkononi, na pale anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana anamwambia aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane, kisha arudi. Alikuwa akihubiri Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kwa hiyo alikuwa akizungumzia kurudi nyumbani mwendo wa siku kadhaa na kupanda tena, huku sadaka ikisubiri.

Mtu makini atanikumbusha kwamba hata Zakayo alisema "ikiwa": "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ni kweli, na inafaa tuutazame mstari huo vizuri. Mtoza ushuru huyu alikuwa Yeriko, mji alioutoza, mbele ya watu walewale aliowatoza, wakinung'unika kwa sauti. Na baada ya "ikiwa" yake aliweka kiwango cha malipo ambacho mtu yeyote pale angeweza kuja kukidai kesho asubuhi. Tena alichagua kiwango cha adhabu ya mwizi wa kondoo kilichoandikwa katika kitabu cha Kutoka, kile kile ambacho Daudi alikitamka kwa hasira bila kujua anajihukumu mwenyewe. Anayesema "kama nimemkosea mtu" na akafungua daftari lake watu wakague, huyo namheshimu. Na angalieni mpangilio wa tukio lenyewe: Yesu alikuwa ameshamwita kwa jina na kuingia nyumbani mwake kabla senti moja haijarudishwa. Zakayo hakununua neema kwa malipo yake. Neema ilifika kwanza, naye alipoipokea hakuweza tena kuishi na mali ya watu ndani ya nyumba ambayo Bwana ameingia.

Sisi wa Kagera hatuna udhuru wa kusema kwamba mafundisho haya ni mageni, kwa sababu Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la kuungama dhambi waziwazi, ulipita kwenye nyumba za babu zetu. Mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi ya serikali katika idara ya afya, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, na wawili hao wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, baada ya kuliita Kanisa la Uganda liamke usingizini. Katika mkutano wa mwishoni mwa mwaka 1933 hapo Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama waziwazi. Kabla ya muongo huo kwisha, moto huo ulikuwa umefika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na katika Buhaya, nchi ya Wahaya hapa Kagera, uliwagusa Walutheri kwa namna ambayo hata Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa Uamsho huo.

Wazee wetu walikiita kitendo hicho "kutembea nuruni." Hawakusema tu kwamba wao ni wenye dhambi, jambo ambalo kila Mkristo hulisema kila Jumapili bila kuona haya. Walisema: nilichukua shuka za hospitali, hizi hapa, nilipunguza fedha za bwana wangu, sikulipa kodi, nilimsingizia jirani yangu uchawi. Walirudisha vitu, na wapo waliokwenda kwa maofisa wa serikali kukiri makosa ambayo hakuna aliyekuwa anayatafuta. Wazungu na Waafrika, mabwana na watumishi wao, waliombana radhi ana kwa ana, katika zama ambazo Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha lilikuwa jambo lisilofikirika. Sisemi kwamba Uamsho haukuwa na kasoro. Ulikuwa na watu waliomhesabu kila asiyeungama kwa mtindo wao kuwa hajaokoka, ulizua mivutano mikali, na mwaka 1941 wanafunzi wa chuo cha teolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmojawao, walifukuzwa kwa ajili ya mivutano hiyo. Hata hivyo jambo moja walilijua kwa hakika, kwamba dhambi ina anwani, na toba lazima ifike kwenye anwani hiyo.

Sasa naingia kwenye sehemu ngumu ya maneno yangu, na naomba mnivumilie.

Katika miaka hiyohiyo ya 1933 na 1934, watu wakiungama wizi wa shuka pale Gahini, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikuwa ikiwahesabu Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vilivyoandika kwamba huyu ni Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Miaka 60 baadaye vitambulisho hivyo vilikuwa vikikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani ili ijulikane nani auawe. Wale mliokuwapo mwaka 1994 mnakumbuka jinsi mto wetu Kagera ulivyoleta maiti hadi Ziwa Viktoria. Mnakumbuka mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kwa hofu na waliokimbia kwa hatia, wote wakipanga foleni moja ya maji. Kwa siku mia moja za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki nane na milioni moja. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Waliowaua, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamebatizwa, na walizijua sala za toba kwa moyo.

Nimejiuliza kwa miaka mingi ilikuwaje nchi iliyoifundisha Afrika Mashariki nzima kuungama ikafika hapo. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, na damu yao isidharauliwe. Lakini naamini, na haya ni maoni yangu ninayoyasimamia, kwamba toba ilikuwa imepunguzwa ikabaki ya pombe, uzinzi na wizi mdogo, wakati dhambi iliyokuwa ikikua katikati ya waamini, dhambi ya kumdharau na kumchukia mtu kwa sababu ya kabila lake, haikutajwa kwa jina mimbarini wala kwenye vikundi vya ushirika. Kama wapo waliosimama na kusema "namchukia jirani yangu kwa sababu ni Mtutsi" au "kwa sababu ni Mhutu," hawakuwa wengi wa kutosha. Dhambi isiyotajwa haiungamwi, na isiyoungamwa hailali.

Viongozi wa dini nao walifikishwa mahakamani, tena hapa kwetu Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, Mwadventista, mwaka 2003, na padre Athanase Seromba, ambaye kanisa la parokia yake ya Nyange lilibomolewa kwa tingatinga likiwa limejaa watu, alihukumiwa mwaka 2006 na adhabu yake ikapandishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Nataja dhehebu la kila mmoja ili asipatikane hapa wa kumnyoshea mwenzake kidole.

Na makanisa yenyewe yalisema nini? Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia Wanyarwanda kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya waamini wake waliotenda kinyume cha Injili, nao wapaswa kujibu kwa matendo yao. Ni kauli inayoweza kutetewa kiteolojia, lakini mjane wa Nyarubuye alihitaji kusikia zaidi ya hapo. Tarehe 20 Novemba 2016 Maaskofu Katoliki wa Rwanda walitoa barua iliyosomwa makanisani, wakiomba msamaha kwa maovu ambayo wana Kanisa waliyatenda; serikali ya nchi ikajibu kwamba msamaha huo haukutosha, kwa kuwa ulizungumzia makosa ya watu binafsi tu. Ndipo tarehe 20 Machi 2017, alipompokea Rais Paul Kagame Vatikano, Papa Fransisko akaomba upya msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya wana wake, wakiwamo mapadre na watawa walioshindwa na chuki na ukatili wakausaliti utume wao. Kutoka kauli ya kwanza hadi hiyo ya mwisho ni miaka 21. Siwahukumu, naona tu jinsi taasisi yoyote, hata iliyo takatifu, inavyochelewa kutamka neno "Kanisa" pale ilipozoea kusema "baadhi ya watu."

La kushangaza ni kwamba sheria ya serikali ilielewa toba kuliko sisi wahubiri. Sheria ya Rwanda ya tarehe 30 Agosti 1996 ilisema kwamba mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari anayetaka kukiri ili apunguziwe adhabu lazima aeleze kwa kina kila kosa alilotenda, tarehe, saa na mahali, ataje waliotendewa na mashahidi kama anawajua, ataje walioshirikiana naye, na aombe radhi. Mahakama za Gacaca, yaani mahakama za wanajamii wenyewe, zilizofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni mbili, zilifuata njia hiyohiyo. Nakubali kwamba wengi walikiri ili warudi nyumbani mapema, wengine walikiri nusu na kuficha nusu, na kulikuwa na uongo mwingi. Lakini mtu alipotaja shimo na mahali lilipo, familia iliyokuwa ikitafuta kwa miaka kumi ilichimba, ikapata mifupa ya watu wao, ikaiosha na kuizika. Ungamo lililotaja mahali liliwapa wafiwa kitu ambacho "nisameheni nyote" isingewapa kamwe.

Sasa turudi kwenye sharika zetu wenyewe, maana ni rahisi kulia juu ya dhambi za ng'ambo ya mto.

Tunao utaratibu wa nidhamu ya kanisa. Mtu huondolewa kwenye Meza ya Bwana, na baada ya muda hurudi kundini kwa kusimama mbele ya usharika. Utaratibu huo una mizizi mizuri, lakini angalieni ni nani husimama mbele. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na tisa aliyepata mimba. Aliyempa mimba ameketi kwenye benchi la nyuma, au yuko kwenye kwaya, au, Mungu atusamehe, ni mzee mwenye nafasi ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wakati huohuo mtunza fedha aliyekula michango ya ujenzi huitwa faraghani, huombewa, na huhamishiwa kamati nyingine "ili kulinda jina la kanisa." Huko ni kumwomba Samweli atuheshimu mbele ya wazee. Toba ya hadharani inayowaangukia wanyonge tu haimhubiri Kristo, na ningependa baraza la usharika liitazame upya kabla ya mwaka huu kwisha.

Tunalo pia suala la vibanja, yaani mashamba ya familia. Kaka anafariki, arobaini haijaisha, na wadogo zake wanamwambia mjane kwamba migomba na nyumba ni mali ya ukoo, arudi kwao. Mmoja wao ni mwanakwaya, mwingine huhubiri kwenye mikutano ya maombi. Baada ya miaka mmoja wao anaguswa na neno, analia madhabahuni, anaungama "dhambi ya tamaa," na waamini wanapiga makofi ya shangwe, lakini kibanja hakijarudi. Mjane anapanga chumba mjini na watoto wake wameacha shule. Kwa mujibu wa Maandiko niliyoyasoma, toba ya mtu huyo haijakamilika hadi kibanja kirudi, na kama alikwisha kukiuza basi kuna thamani yake, na kuna mavuno ya miaka yote hiyo, na kuna sehemu ya tano juu yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha vivyo hivyo, kwamba kuondolewa dhambi hakuondoi madhara yote ambayo dhambi imesababisha, na kwamba aliyeiba hana budi kurudisha, na aliyemchafulia mwenzake jina hana budi kulisafisha.

Nimalizie na upande wa anayeombwa msamaha, kwa sababu huko nako tumewaumiza watu. Neno la Bwana kwa Petro, kwamba asamehe hata saba mara sabini, alipewa mfuasi aliyeuliza kuhusu moyo wake mwenyewe. Hakupewa mzee wa kanisa alitumie kumharakisha mama aliyepigwa jana na mumewe, wala mkosaji alishike kama hati ya madai. Anayetubu huomba, hadai. Aliyeumizwa akisema "bado siwezi," ana haki ya kupewa muda, na mkosaji ana wajibu wa kuendelea kurudisha na kutenda haki hata kama hajasikia neno analolitamani. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini kwanza aliwajaribu hadi Yuda akasimama mbele yake na kujitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Alitaka kuona kama wale waliomuuza ndugu mmoja wangemtelekeza na wa pili. Na baada ya baba yao kufa ndugu hao bado waliogopa, wakaja kuungama tena, naye akalia. Msamaha katika nyumba ya Yakobo ulichukua miaka, na Biblia haikuona haya kuusimulia hivyo.

Vilevile si kila mkosaji aende mwenyewe kubisha hodi. Aliyemnajisi mtu, au aliyemtesa kwa muda mrefu, asimtokee ghafla mlangoni ili apate kuutua mzigo wake mwenyewe, maana kule kuonana tu ni kumjeruhi tena; apeleke neno kupitia kwa mtu ambaye aliyeumizwa anamwamini, na akubali jibu lolote litakalorudi. Na pale kosa lilipo jinai, hasa linapomhusu mtoto, hakuna kikao cha kanisa chenye mamlaka ya kulimaliza kwa maombi na mbuzi wa faini. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo. Mchungaji anaweza kumsindikiza mkosaji hadi huko, akakaa naye, akamtembelea gerezani, akampa sakramenti, lakini asimfiche.

Wiki Takatifu iko mbele yetu. Siku ya Alhamisi Kuu tutakaribia Meza, na kabla ya hapo tutasema pamoja sala ya kuungama, wengine wetu kwa maneno ya "nimekosa mimi, nimekosa sana." Naomba kila mmoja, kabla ya kuitamka sala hiyo, ajiulize kama kuna mtu ambaye angepaswa kuyasikia maneno hayo kwanza, pamoja na jina la tendo lenyewe. Nimekwisha kuzungumza na wazee wa mitaa, nao wamekubali kumsindikiza yeyote anayetaka kwenda kwa mtu aliyemkosea, iwe ni kurudisha fedha, kurudisha kibanja au kusema ukweli uliokaa miaka mingi. Anayehitaji kusindikizwa amweleze mzee wa mtaa wake jioni ya leo au kesho. Jina lake halitatangazwa kanisani, na kama aliyekosewa anaishi mbali, nauli ya wote wawili tutaitafuta.